Mgeni Anakuja Nansio: Mwambie Mapema Atakapokaa

Barua ya kumpangia kituo mtu wa kujitolea kutoka nje huwa fupi: jina la shule au zahanati, wilaya, mkoa, tarehe ya kuripoti. Aliye Osaka au Ohio akisoma "Ukerewe, Mwanza", anafungua ramani, anaona kisiwa katikati ya maji, na ujuzi wake unaishia hapo. Anayeyajua yaliyobaki ni wewe: mwalimu mkuu, mganga mfawidhi, mtendaji wa kijiji, au mama mwenye chumba atakachopanga. Makala hii nimewaandikia ninyi mnaopokea, kwa sababu naamini miezi ya kwanza ya mgeni huharibika au kutengemaa kutokana na mlichomwambia kabla hajapanda ndege.

Kupokea wageni wa namna hii si jambo jipya kwetu. Kundi la kwanza la Peace Corps lilifika Tanganyika mwaka 1961, wakiwa wapima ardhi, wahandisi na wanajiolojia, na wa mataifa mengine wakafuata. Wengi bado huanza kwa kuishi wiki kadhaa na familia za wenyeji wakijifunza Kiswahili, ndipo watangaziwe vituo. Siku hiyo ya kutangaziwa mtu hushangilia au hununa kwa kusikia jina tu. Mpe kilicho nyuma ya jina.

Anza na njia. Nansio inafikika kwa meli kutoka Mwanza mjini, safari ya saa tatu au zaidi, na pia kwa barabara kupitia Bunda hadi Kisorya, kisha kivuko hadi Rugezi. Mweleze zote mbili, umwambie ni ipi unayoipita wewe mwenyewe ukiwa na mizigo. Ukimtajia saa, andika kwa namna zote mbili: saa tatu asubuhi, yaani 9:00. Usipofanya hivyo, atasoma "saa 3", afike gatini alasiri, akute meli imeondoka zamani. Anayekwenda Sengerema naye aelezwe habari mpya. Vitabu vya wasafiri alivyonunua huenda bado vinamwambia apange foleni ya kivuko cha Busisi, wakati Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3 hivi kutoka Kigongo hadi Busisi, lilifunguliwa Juni 19, 2025.

Kwa anayepangiwa visiwa vidogo, sema wazi habari ya vyombo. Septemba 20, 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia Ukara, na watu zaidi ya 220 wakapoteza maisha. Wengi wa majirani zake wapya wana ndugu waliozama siku ile. Kwa hiyo avae jaketi okozi, na akiona chombo kimejaa kupita kiasi, asubiri kingine hata kama watu wanamwita apande. Kuchelewa kazini siku moja hakuna atakayemlaumu.

Kisha nyumba. Usiandike "nyumba ipo". Mwalimu mkuu mmoja wa huko visiwani aliwahi kunionyesha karatasi ya grafu ambayo mwanafunzi wake wa kidato cha pili alikuwa ameichora kwa penseli: mwembe, kisima cha pampu, duka la mangi, kanisa, na mshale mwekundu unaoonyesha mlango wa nyumba ya mgeni. Pembeni kulikuwa na mwandiko wa mtoto yule: "Hapa kuna mbwa, haumi." Karatasi ile ilipigwa picha ikatumwa kwa simu. Sijaona maelezo ya kituo yaliyo bora kuliko hayo.

Kwenye picha hiyo ongeza maji. Yanatoka bombani, kisimani au ziwani? Yanakatika siku ngapi? Simtanki ni la ujazo gani? Umeme ni wa LUKU au sola? Choo kiko ndani au nje? Kodi inalipwa ya miezi mingapi kwa mkupuo, na nani analipa? Na hapa niseme jambo linaloniuma: usimhamishe mwalimu mwenye familia ili mgeni apate nyumba nzuri. Kijiji kitakumbuka, na mgeni atabeba lawama asiyoijua chanzo chake.

Habari ya maji ya ziwa isimfikie kwa tetesi. Ni mazuri kuyatazama, lakini maeneo mengi ya ufukweni yana konokono wanaoeneza kichocho, na vijidudu vyake hupenya kwenye ngozi ya mtu anayeoga, kufua au kutembea kwenye maji ya kina kifupi yenye majani. Maji ya kuoga yachemshwe, au yakae kwenye pipa siku mbili bila kuongezwa mengine. Akishaingia ziwani, asingoje kuumwa. Baada ya wiki kadhaa akapime, maana dawa ipo na inaponya. Malaria nayo ipo mwaka mzima, basi chandarua kiwe kimetundikwa kabla hajafika. Mtajie zahanati iliyo karibu, na kwamba hospitali kubwa ya rufaa ya Kanda ya Ziwa ni Bugando, juu ya kilima pale Mwanza mjini.

Kazini, mwambie ukweli. Kama darasa lina watoto 90, andika 90. Kama maabara ni chumba chenye meza tu, sema hivyo, naye atafungasha vifaa vinavyofaa. Na kama kazi yake iko mwaloni, mfundishe kalenda ya dagaa. Usiku wa giza wavuvi wako majini na taa zao, asubuhi wanawake wanaanika; ukiitisha semina siku hizo utakaa na viti vitupu. Mbalamwezi ikiwaka, nyavu zinapumzika na watu wana nafasi. Nimeona miradi ikiitwa imeshindwa kwa sababu tu mpangaji hakutazama mwezi.

Kuhusu karatasi: viza ya utalii haimruhusu kujitolea. Watu wa kujitolea wana kibali cha ukaazi cha daraja C, na taasisi inayomwalika ndiyo inayopaswa kukishughulikia mapema na Uhamiaji.

Lugha yake ya darasani itamfikisha sokoni. Lakini bibi wa Kisukuma kule Magu au Misungwi akisikia "mwangaluka" asubuhi kutoka kwa mgeni, atasimamisha jembe amjibu. Mwandikie na maamkio ya Kikerewe kama anakuja Ukerewe, na umkumbushe kuwa shikamoo haina mbadala kwa mkubwa.

Mwisho, mpe jina na namba ya mtu mmoja atakayempokea, si ya ofisi. Mtu huyo ampigie usiku wa kuamkia safari, waongee hata dakika mbili, wazoeane sauti. Siku ya pili asimame gatini mapema, kwa sababu abiria wanashuka kwa haraka, wachukuzi wanagombea mizigo, na mgeni anayeshuka akiwa na begi mbili atakuwa anatafuta sauti ile. Kabla ya kufika nyumbani wapitie kwa mwenyekiti wa kitongoji, aandikwe kwenye daftari la wakazi.