Aliyepasuliwa Asiachiwe Uji Mwepesi Peke Yake

Mtu akipasuliwa hospitali, watu wa nyumbani hutazama mshono. Wanauliza: je, kidonda kinakauka? Swali hilo ni zuri, lakini halitoshi. Kidonda kipo mahali pamoja, lakini mwili mzima unafanya kazi. Leo tujifunze kazi hiyo. Asiyeijua anaweza kumnyima mgonjwa wake kitu anachokihitaji sana.

Tuanze na kidonda chenyewe. Kisu cha daktari ni safi. Lakini mwili haujui kama umekatwa na daktari au na panga la shambani. Kwa mwili, kukatwa ni kukatwa. Kwanza damu huganda. Kisha mishipa midogo ya damu iliyo karibu hupanuka na kupitisha maji. Chembe nyeupe za damu hutoka ndani ya mishipa hiyo na kuingia kwenye kidonda. Huko huua vijidudu na kuondoa nyama iliyokufa. Ndiyo maana mahali palipokatwa huvimba, hupata joto, huuma na huwa pekundu. Kwa sisi wenye ngozi nyeusi wekundu huo ni vigumu kuuona. Nawa mikono, halafu gusa ngozi ya pembeni kwa mgongo wa mkono. Usiguse mshono. Uvimbe mdogo wa siku za kwanza si ugonjwa. Ni chembe za damu zinafanya kazi yao.

Habari za kidonda hufika mbali. Ni kama mbiu ya mgambo ikipigwa kijijini: kila mtu huacha jembe lake. Ubongo hupandisha joto la mwili kidogo. Tezi mbili zilizo juu ya figo hutoa homoni zinazoitwa adrenalini na kotisoli. Moyo huenda mbio. Sukari katika damu hupanda, hata kwa mtu asiye na ugonjwa wa kisukari. Mwenye kisukari ni lazima amwambie daktari kabla ya kupasuliwa. Tena mwili hushika maji na chumvi, kwa hiyo siku ya kwanza mkojo huwa kidogo. Mgonjwa asipopata mkojo kabisa, mwambie mwuguzi mara moja.

Sasa jiulize: nguvu za kazi hiyo yote zinatoka wapi?

Mtu aliyeshinda na njaa siku nyingi, lakini hana jeraha, mwili wake hujifunza kubana matumizi. Hutumia mafuta yake na kuitunza misuli. Mtu aliyeumia sivyo. Sukari iliyowekwa akiba kwenye ini humalizika kwa muda wa siku moja hivi. Kidonda kinataka vitu vya kujengea nyama mpya. Mafuta hayawezi kufanya kazi hiyo. Mafuta ni kama kuni: yanawaka, lakini hayajengi ukuta. Basi mwili huibomoa misuli yake wenyewe. Huchukua protini ya misuli na kuipeleka kwenye ini na kwenye kidonda.

Jambo hili lilipimwa zamani. Mwaka 1930, katika mji wa Glasgow huko Uskoti, mtaalamu David Cuthbertson alichapisha habari za watu waliovunjika mifupa ya miguu. Alipima mkojo wao. Aliona kwamba mabaki ya protini katika mkojo yalikuwa mengi mno. Yalikuwa yanatoka kwenye misuli, hata kwenye viungo ambavyo havikuumia. Mguu umevunjika, lakini mkono nao unakonda!

Kukonda si sura tu. Misuli ndiyo inayotusaidia kupumua na kukohoa. Mgonjwa akiishiwa nguvu za kukohoa, makohozi hukaa kifuani na nimonia huingia. Pia kidonda hukawia kupona. Mtu anaweza kuokolewa na kisu cha daktari, kisha akazidiwa wodini kwa sababu hakuwa na nguvu zilizobaki.

Hapa ndipo watu wa nyumbani wanapoingia. Katika hospitali zetu nyingi chakula cha mgonjwa hubebwa na ndugu zake. Wengi huleta uji mwepesi na chai ya rangi, wakidhani tumbo la mgonjwa haliwezi zaidi. Wako wanaosema kwamba mayai, maharage au samaki huharibu kidonda. Sivyo. Vyakula hivyo ndivyo vinavyojenga mwili.

Tufanye hesabu kidogo. Mtu mzima wa kilo 60 aliyepasuliwa anahitaji kama gramu 70 hadi 90 za protini kwa siku. Kikombe kimoja cha uji mwepesi wa mahindi hakifikishi gramu 3. Kufika gramu 70 angekunywa vikombe zaidi ya 20! Yai moja lina gramu 6 hivi. Dagaa waliokaushwa vizuri, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini. Wachambue, waoshe mchanga utoke, watwange, kisha uchanganye unga wake katika mchuzi. Uji nao utie karanga zilizopondwa, au upike kwa maziwa. Maharage yachemshwe mpaka yaive sana, kisha yapondwe. Mpe mgonjwa kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku, maana hamu ya kula huwa ndogo. Nisikudanganye: chakula hakizuii kabisa misuli kupungua katika siku za kwanza. Lakini hupunguza hasara.

Aanze kula lini? Muulize mwuguzi. Mama aliyejifungua kwa upasuaji mara nyingi huruhusiwa kula baada ya saa chache tu. Aliyepasuliwa utumbo huenda akaambiwa aanze polepole. Na kabla ya kupasuliwa, fuata saa za kufunga ulizopewa. Usimshindishe mtu njaa siku mbili kwa hofu yako mwenyewe. Ataingia chumba cha upasuaji akiwa amekwisha kupungua.

Chakula peke yake hakitoshi kama mtu analala tu. Misuli isiyotumika huyeyuka upesi. Daktari akimruhusu kuamka, mwamshe. Akae, asimame, atembee mpaka mlangoni akishikwa mkono. Dawa ya maumivu aliyopewa ainywe kwa saa zake, maana maumivu huzidisha ile mbiu, tena humzuia kupumua vizuri. Mfunike asipate baridi, kwa kuwa mwili unaotetemeka unachoma nguvu bure.

Sasa habari ya homa. Joto dogo katika siku mbili za kwanza mara nyingi ni kazi ya mwili. Homa inayoanza siku ya tatu au baadaye, au inayozidi kupanda, ni jambo jingine. Usiseme ni malaria ukanunua dawa dukani. Mrudishe hospitali. Mrudishe pia kidonda kikizidi kuvimba na kuuma, kikitoa usaha au harufu, au mgonjwa akihema kwa haraka, akivimba mguu mmoja, au akianza kusema maneno yasiyoeleweka. Usipake majivu wala majani kwenye mshono.

Akirudi nyumbani, uzito alioupoteza kwa wiki moja unaweza kuchukua wiki nyingi kurudi. Mafuta yanaweza kurudi kabla ya misuli. Kwa hiyo usitazame mashavu yaliyojaa ukadhani ameshapona, ukampa jembe au ndoo ya maji. Mwambie akae kwenye kigoda, kisha asimame bila kushika kitu. Akishindwa, au akisimama huku miguu inatetemeka, bado ni mgonjwa. Aendelee kupewa yai lake na dagaa wake, na siku ya kubeba mizigo aambiwe na daktari.