Mashua Nyembamba na Ngazi za Mto Thames

Mto Thames katika Uingereza umekingwa mahali pengi kwa kuta za kuzuia maji, hata ukawa kama ngazi. Kando ya kila ukuta pana lango la kupitishia vyombo. Somo hili laeleza namna mashua nyembamba inavyozishuka ngazi hizo kutoka Oxford mpaka Abingdon, mwendo wa maili 9 hivi.

Upana wa mashua hii haufiki futi 7, lakini urefu wake waweza kufika futi 70. Sababu ni kwamba mifereji mingi iliyochimbwa huko katika karne ya 18 ilifanywa myembamba, ili kupunguza gharama na kutumia maji machache. Mfereji uliofika Oxford mwaka 1790 ulileta makaa ya mawe kwa mashua kama hizi, zikivutwa na farasi ukingoni. Baadaye jamaa nzima ziliishi katika chumba kidogo upande wa tezi. Siku hizi mashua hizi huendeshwa kwa mtambo, na nyingi ni za matembezi au makazi.

Asubuhi nahodha husimama tezini, ameshika mkono wa usukani. Akiusukuma kushoto, omo hugeuka kulia. Haruhusiwi kupita maili 5 kwa saa, kwani mawimbi hubomoa kingo. Ikiwa mvua imenyesha sana, kwanza hutazama kibao langoni: kibao chekundu chaonya kwamba mkondo una nguvu, na mwenye busara huahirisha safari.

Njiani kuna malango manne: Osney, Iffley, Sandford na Abingdon. Kila lango ni chumba chenye mlango wa juu na mlango wa chini. Mashua ikiisha kuingia, mlango wa juu hufungwa. Kisha vijilango vya chini hufunguliwa, maji yatoke polepole, na mashua hushuka pamoja nayo. Huko Sandford hushuka zaidi ya futi 8. Maji ya ndani yakiwa sawa na ya nje, mlango wa chini hufunguka bila taabu. Yasipokuwa sawa, nguvu za watu hazifai kitu, kwa kuwa uzito wa maji waukandamiza.

Kabla ya miaka ya 1630, malango ya namna hii hayakuwapo katika mto huu. Ukuta ulifunguliwa mahali pamoja, na chombo kikapita kwa kasi pamoja na gharika. Iffley na Sandford zilikuwa miongoni mwa mahali pa kwanza kupata malango mapya.

Hata hivyo hatari ingaliko. Chini ya mlango wa juu kuna kizingiti kilichofichwa na maji, na alama yake imepigwa ukutani. Tezi ikibaki juu ya kizingiti maji yanaposhuka, omo hushuka peke yake, na chombo chaweza kuzama kwa dakika chache. Vilevile kamba ikikazwa, mashua hutundikwa. Kwa hiyo nahodha huiweka mashua mbele ya alama, na mshika kamba huilegeza kidogo kidogo. Jambo likiharibika, vijilango hufungwa mara moja, kabla ya kufanya neno jingine.

Jioni mashua hufungwa karibu na daraja la Abingdon. Motokaa ingalifika zamani. Lakini maji hayamngojei wala hayamkimbilii mtu. Mwenda pole hajikwai.