JIWE NALO HUVUNJIKA

Wengi wetu tukiona mwamba mkubwa husema, "Huu hautikisiki." Leo tujifunze kwamba hata mwamba una siku yake.

Huko Marekani, katika jimbo la Utah, kuna Hifadhi ya Taifa iitwayo Arches. Maana ya jina hilo ni matao. Ni nchi ya jangwa, mvua ni haba. Lakini mna matao ya mawe zaidi ya 2,000. Hakuna fundi aliyeyajenga.

Je, yalitokeaje? Chini ya ardhi ya huko kuna tabaka nene la chumvi. Juu yake kuna mawe yaliyotokana na mchanga ulioshikamana. Chumvi ikielemewa husogea polepole. Iliposogea, mawe ya juu yalipasuka. Maji ya mvua huingia katika nyufa hizo. Wakati wa baridi kali maji hugeuka barafu. Barafu hutanuka na kubandua jiwe. Kidogo kidogo ukuta wa jiwe hutoboka. Hapo ndipo tao linapopatikana.

Kazi hiyo haijakwisha. Tao liitwalo Landscape lina upana wa mita 90 hivi. Mwezi Septemba 1991 watu walikuwa wamepumzika chini yake. Wakasikia jiwe linalia. Wakakimbia! Punde bapa la jiwe lenye urefu wa mita 18 likaporomoka. Wote walinusurika. Baadaye njia ya kupita chini ya tao hilo ikafungwa. Mwaka 2008 tao jingine, Wall, lilianguka usiku.

Wageni hutembea huko kwa miguu. Njia ya kwenda tao la Delicate, kwenda na kurudi, ni kilomita 5 hivi. Ni mlima, na kivuli hakuna. Asiyebeba maji ya kutosha anacheza na roho yake. Juu ya mwamba, njia huonyeshwa kwa mafungu madogo ya mawe.

Tena, usiache njia. Udongo wa huko una ngozi nyeusi. Ngozi hiyo ina uhai: ni viumbe vidogo mno vinavyoushika udongo usipeperushwe na upepo. Hatua moja tu huiharibu, na kupona kwake huchukua miaka mingi.

Basi tukumbuke: maji kidogo, kwa muda mrefu, huvunja jiwe. Na mguu mmoja, kwa dakika moja, huharibu udongo.

MASWALI
1. Barafu hulivunjaje jiwe?
2. Kwa nini watu wa mwaka 1991 walinusurika?
3. Kwa nini mgeni hatakiwi kuacha njia?