Mshauri nasaha na dawa za akili: maswali ya kuuliza kabla mgonjwa hajaacha kumeza

Mshauri nasaha haandiki dawa. Hiyo ni kazi ya daktari, afisa wa kliniki au muuguzi aliyefunzwa, na hakuna warsha ya siku mbili inayoweza kubadilisha hilo. Hata hivyo, mgonjwa wa akili wa Burnt Forest akishatoka kliniki, hubaki na vidonge vyake nyumbani hadi tarehe nyingine, aghalabu mwezi mzima. Anayemwona katikati ya mwezi ni mshauri wa kanisani, wa shuleni au wa chama, pamoja na mhudumu wa afya ya jamii. Hao ndio husikia mapema kauli hii: "Mimi nimeacha dawa."

Mji huu ulipitia ghasia za 1992 na zile zilizofuata uchaguzi wa 2007, kwa hivyo kukaa chini na mtu ili aseme yaliyo moyoni si jambo geni hapa. Tatizo ni kwamba baadhi ya familia huona ushauri na dawa kuwa njia mbili, na kwamba ni lazima wachague moja. Mshauri asiyejua dawa inavyofanya kazi anaweza kulikuza kosa hilo bila kukusudia.

Chukua sonona, ile huzuni nzito isiyoisha ambayo humnyima mtu usingizi na hamu ya chakula. Dawa kama fluoksetini haifanyi kazi kama ya kutuliza maumivu ya kichwa. Nafuu huanza kuonekana baada ya wiki 2 hadi 4, na kwa wengine huchelewa zaidi. Kichefuchefu, kichwa kuuma na usingizi kupotea huja katika siku za kwanza. Yaani mgonjwa hulipa kabla ya kupokea. Ndiyo maana wengi huacha katika wiki ya pili, wakiamini dawa imewakataa. Mshauri aliyemweleza mapema kwamba hali hiyo kwa kawaida hupungua huwa amemsaidia kuvuka wiki ngumu. Na akipona? Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani hushauri aendelee kumeza kwa miezi kadhaa baada ya dalili kuisha, kisha apunguziwe polepole na kliniki.

Amitriptilini hutumika pia kwa sonona. Huleta usingizi mzito, mdomo kukauka na choo kigumu. Ikizidi kipimo ni hatari kwa moyo, kwa hivyo mgonjwa anayetaja kuchoka na maisha asiachiwe pakiti nzima. Jamaa anayeaminika aitunze, na kliniki iarifiwe siku hiyo hiyo. Vijana waangaliwe kwa karibu zaidi katika wiki za kwanza za dawa yoyote ya sonona.

Pengine somo linalohitajika zaidi ni la haloperidoli, dawa inayopewa wanaosikia sauti au kuona yasiyoonekana na wengine. Siku chache baada ya kuianza, hasa kwa vijana wa kiume, shingo inaweza kupinda, taya kukaza na macho kugeukia juu. Familia ikishtuka hudhani pepo amepanda, na wengine humpeleka kwenye maombi usiku kucha. Hayo ni madhara ya dawa, na hospitalini yapo matibabu yanayoyaondoa kwa muda mfupi. Maombi yanaweza kusubiri arudi.

Kuna jingine la kupotosha zaidi. Mgonjwa hashikiki: anaketi, anasimama, anazunguka boma. Nyumbani wanasema ugonjwa umerudi, na wakiiambia kliniki hivyo, dozi inaweza kuongezwa, naye akazidi kuhangaika. Mshauri amuulize hivi: "Unatembea kwa sababu ya sauti unazosikia, au ni miguu inayokataa kutulia?" Jibu liandikwe na lifike kliniki, maana linaweza kubadilisha matibabu yote.

Wapo wanaodungwa sindano ya flufenazini kila mwezi au karibu hapo. Msimu wa kupanda viazi au kuvuna mahindi, tarehe husahaulika. Dawa hubaki mwilini kwa muda, hivyo mgonjwa huonekana mzima wiki kadhaa baada ya kukosa sindano, na familia huamua kwamba haikuhitajika. Ugonjwa hurudi baadaye, wakati hakuna anayekumbuka tarehe iliyopita.

Kabamazepini, ya kifafa na ya hali ya kupanda na kushuka kwa hisia, ina jambo ambalo wanawake wengi hawajaambiwa. Hupunguza nguvu ya vidonge na vipandikizi vya kupanga uzazi. Hupunguza pia nguvu ya dolutegraviri, dawa ya virusi vya Ukimwi. Mwenye vitabu viwili vya kliniki avibebe vyote viwili. Dawa ya kifafa na diazepamu zisikatizwe ghafla, kwani degedege linaweza kufuata. Na pombe, iwe busaa, chang'aa au ya chupa, ikichanganywa na diazepamu au amitriptilini inaweza kuzima pumzi.

Shingo iliyokaza, homa kali pamoja na mwili kukakamaa, upele unaoenea baada ya kuanza kabamazepini, kuzirai, au maneno ya kujiua: mgonjwa afikishwe hospitali ya Burnt Forest siku hiyo hiyo, na ikibidi apewe rufaa hadi Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, Eldoret. Aende na pakiti za dawa zote anazotumia, zikiwemo za miti shamba.