Usihifadhi Usichokielewa: Kujifunza Kijapani kwa Maneno ya Nyimbo

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Allah, aliyezijaalia lugha zetu mbalimbali kuwa miongoni mwa ishara zake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahali zake na masahaba zake.

Ndugu msomaji, nilipokuwa mwaka wa kwanza nilihifadhi wimbo mmoja wa Kijapani kutoka mwanzo hadi mwisho. Niliusikia kwenye katuni, nikatafuta maneno yake kwenye intaneti, nikayakuta yameandikwa kwa herufi za Kilatini, nikayanakili kwenye daftari. Kwa wiki tatu nilikuwa nayo njiani, jikoni, hata bombani wakati wa kuchukua udhu. Niliamini kwamba najifunza Kijapani.

Jioni moja baada ya Isha nikamsomea kaka mmoja wa jumuiya yetu aliyewahi kusoma Japani. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kwa upole, "Sasa hapa katikati, mdogo wangu, unasema nini?" Sikuwa na jibu. Akanieleza kwamba katika ubeti wa pili mtunzi anaisifu pombe, halafu anamwomba mungu wa mlimani amrudishie mpenzi wake. Akanionyesha pia maneno saba niliyokuwa nayatamka vibaya kiasi kwamba Mjapani asingeyaelewa. Nilipata hasara mara mbili: lugha sikuipata, na kifuani nilikuwa nimeweka nisichokijua.

Jambo hili halikunipata mimi peke yangu. Mwaka 1963 wimbo wa Kyu Sakamoto, "Ue o Muite Arukō", ulishika nafasi ya kwanza Marekani. Huko uliuzwa kwa jina la "Sukiyaki", ambalo ni jina la chakula cha nyama ya ng'ombe. Wimbo wenyewe hautaji chakula chochote. Ni wa mtu mwenye huzuni anayejizuia asidondoshe machozi. Watu wengi mno waliupenda bila kujua unasema nini. Kwa msikilizaji wa kawaida huenda hilo si kitu. Kwa mwanafunzi wa lugha ni kazi bure, na kwa Muislamu ni jambo la kutahadhari.

Makala hii inaeleza namna ya kupata maneno ya nyimbo za Kijapani na kuyatumia kwa masomo. Nitarudia jambo moja tu: tafuta maandishi ya asili, uyaelewe kwanza, ndipo uhifadhi.

1. Anza na herufi zao

Katika mapokezi ya Abu Daud na Tirmidhi tunasoma kwamba Mtume (s.a.w.) alimwamuru Zayd bin Thabit (r.a.) ajifunze maandishi ya Mayahudi, kwa kuwa hakuwa na imani nao katika barua zake. Zayd akayamudu kwa muda wa nusu mwezi hivi, akawa anamsomea Mtume (s.a.w.) barua zinazokuja na kumwandikia zinazokwenda. Tuzingatie kwamba kijana huyu alitumwa kujifunza maandishi yenyewe, ili Waislamu wasitegemee usomaji wa mtu mwingine.

Kijapani kina hiragana, herufi 46 za msingi. Kina katakana, nazo ni 46, zinazotumika hasa kwa maneno ya kigeni. Kisha kina kanji, herufi zenye asili ya China, ambazo orodha rasmi ya matumizi ya kawaida ina 2,136. Usiogope hesabu hii. Ukijifunza hiragana nne kila siku baada ya Alfajiri, utazimaliza kwa siku 12. Hizo zinatosha kuanzia.

2. Herufi za Kilatini zinaficha nini

Sote tuliopitia madrasa tunajua kwa nini ustadhi hakutaka tusome Qur'ani kwa herufi za Kilatini. *Qalb* ni moyo na *kalb* ni mbwa. Mwenye kuandika yote mawili "kalbi" hajui anasoma lipi. Kijapani nacho kina mitego ya namna hiyo.

Mtego wa kwanza ni urefu wa sauti, wa irabu na hata wa konsonanti. *Biru* ni jengo, *bīru* ni bia. *Obasan* ni shangazi au mama mdogo, *obāsan* ni bibi. *Kite* ni "njoo", *kitte* ni stempu. Tovuti nyingi za herufi za Kilatini huacha alama ya urefu, na mwanafunzi anayetaka kuuliza jengo liko wapi hujikuta anaulizia bia. Sisi wazungumzaji wa Kirundi tunalielewa hili: kwetu pia urefu wa irabu hubadilisha maana, na maandishi ya kawaida hayauonyeshi.

Mtego wa pili ni mazoea yetu ya shule. Aliyesomeshwa kwa Kifaransa akiona *ch* husoma "sh", akiona *u* hukunja midomo, na *j* huitamka kama Mfaransa. Herufi hizi usizisome Kifaransa. Zisome Kiswahili: *chi* ni kama katika "chini", *ja* ni kama katika "jana". Kijapani kina irabu tano kama Kiswahili, na silabi zake nyingi huishia kwa irabu, kwa hiyo ulimi wetu uko karibu nacho.

Mtego wa tatu ni maneno yanayofanana kwa sauti. Katika "Furusato", wimbo wa shule wa mwaka 1914, kuna kitenzi cha lugha ya kale, *oishi*, chenye maana ya "niliyemfukuza", naye anayefukuzwa ni sungura. Neno la leo *oishii* maana yake ni "tamu". Wajapani husimulia kwa mzaha kwamba watoto wengi huimba wakidhani sungura yule alikuwa mtamu. Mwenye maandishi ya asili hadanganyiki, kwa sababu kanji ya "kufukuza", 追, iko mbele ya macho yake.

3. Hatua za kutafuta

Hatua ya kwanza: weka kibodi ya Kijapani kwenye simu yako, haina malipo. Unaandika kwa herufi za Kilatini, nayo inakugeuzia kuwa hiragana na kanji. Tafuta jina la wimbo kwa maandishi ya Kijapani, kwa sababu ukilitafuta kwa Kilatini utaletewa kurasa za Kilatini.

Hatua ya pili: baada ya jina la wimbo ongeza neno 歌詞, linalosomwa *kashi*, yaani maneno ya wimbo. Kwa nyimbo za zamani za shule ongeza 唱歌, *shōka*. Kwa nyimbo za watoto ongeza 童謡, *dōyō*.

Hatua ya tatu: fungua tovuti za Wajapani wenyewe. Zinazojulikana ni Uta-Net, J-Lyric na UtaTen. Anayeanza namshauri UtaTen, kwa sababu huweka furigana, yaani hiragana ndogo juu ya kanji zinazoonyesha namna ya kusoma. Furigana humsaidia msomaji kama fat-ha, kasra na dhumma zinavyotusaidia katika msahafu.

Hatua ya nne: hakikisha wimbo ni wenyewe. Nyimbo nyingi hushirikiana jina. Tazama neno 作詞, *sakushi*, lenye jina la mtunzi wa maneno, na 作曲, *sakkyoku*, lenye jina la mtunzi wa tuni. Kisha linganisha tovuti mbili. Tumesomeshwa kutopokea habari bila kuuliza imetoka kwa nani, na kurasa nyingi za intaneti zimeandikwa na mashabiki walioandika walichodhani wamesikia.

Hatua ya tano: nakili kwa mkono, mistari minne tu kwa siku. Gawa ukurasa safu tatu: neno kwa Kijapani, usomaji wake kwa hiragana, maana yake kwa Kiswahili. Kwa maana za maneno tumia kamusi ya Jisho, inayofafanua kwa Kiingereza. Usinakili tafsiri ya mtu mwingine kabla hujajaribu yako.

Hatua ya sita: soma mistari hiyo kwa sauti bila tuni, kama unavyosoma shairi, mpaka uweze kueleza kila neno. Hapo sasa hifadhi.

4. Wimbo upi?

Suala la ala za muziki wanazuoni wamelijadili kwa urefu, na walio wengi katika madhehebu manne wamezuia ala nyingi. Sina elimu ya kulifungua upya hapa, wala halituzuii katika somo hili, kwa sababu anachohitaji mwanafunzi ni maandishi, na maandishi hayana ala. Kuhusu maneno yenyewe, imepokewa kutoka kwa Imam Shafii maana ya kwamba shairi ni maneno: zuri lake ni zuri na baya lake ni baya. Kwa hiyo hukumu ya ubeti tunaitafuta katika maana, na maana haijulikani mpaka tusome.

Kabla ya kuchagua, tazama kama wimbo unataja 酒 (*sake*, pombe) au 神 (*kami*, miungu ya imani yao). Kukutana na maneno haya kwenye kamusi si tatizo, lazima tuyajue. Tatizo ni kuyaimba asubuhi na jioni kama sifa au dua.

Mimi sasa naanza na "Furusato", yaani "Kwetu nilikozaliwa". Maneno yake yanatajwa kuwa ya Takano Tatsuyuki na tuni ya Okano Teiichi. Una beti tatu fupi. Anayesema yuko mbali na kwao: anakumbuka vilima na mto, anawaza wazazi wake na marafiki wana hali gani, na mwishoni anatumaini kurudi atakapokuwa ametimiza alilolifuata. Mwanafunzi aliyeacha mama yake Gitega au Rumonge na kuja kukaa bwenini hahitaji kuelezwa zaidi.

Kwa anayetaka kusikia matamshi, NHK World ina masomo ya Kijapani yanayofundishwa kwa Kiswahili, yenye mazungumzo ya kawaida. Sikiliza hayo kwa ajili ya sikio, na nyimbo zitumie kwa ajili ya msamiati.

5. Wimbo hautakufundisha kila kitu

Kwanza, tuni huficha lafudhi. Kwa matamshi ya Tokyo, *ame* yenye sauti ya juu mwanzoni ni mvua, na yenye sauti ya juu mwishoni ni peremende. Katika wimbo sauti hupanda na kushuka kwa kufuata tuni, kwa hiyo lafudhi ichukue kwenye mazungumzo.

Pili, watunzi huandika kanji moja na kuisoma kwa neno jingine. Utakuta 宇宙, ambayo kwa kawaida ni *uchū*, anga za mbali, lakini mwimbaji anatamka *sora*, mbingu. Kwa ushairi ni uzuri. Kwenye mtihani ni kosa.

Tatu, adabu. Nyimbo zimejaa *kimi* na *omae*, yaani "wewe" ya mtu wa karibu au wa chini yako. Usimwambie mwalimu hivyo. Wajapani humtaja mkubwa kwa jina lake na neno la heshima, au kwa *sensei* akiwa mwalimu. Sisi tuliolelewa kumwamkia mkubwa "shikamoo" tusishindwe na hili.

6. Haki ya mtunzi

Utagundua kwamba tovuti nyingi kati ya hizi zinazuia maandishi yasinakiliwe kwa kubonyeza. Nchini Japani haki za watunzi wa nyimbo husimamiwa na vyombo kama JASRAC, kilichoanzishwa mwaka 1939, na siku hizi haki ya mtunzi hudumu miaka 70 baada ya kufa kwake. Ei Rokusuke, aliyeandika maneno ya "Ue o Muite Arukō", alifariki mwaka 2016, hivyo maneno yake bado yana mwenyewe. Takano alifariki mwaka 1947 na haki yake imekwisha. Maneno yake yako huru.

Sheria ya Japani inaruhusu mtu kunakili kwa matumizi yake binafsi, kwa hiyo daftari lako halina ubaya. Kusambaza wimbo mzima kwenye kundi la WhatsApp la darasa, au kuuchapisha na kuuza vijitabu, ni jambo jingine. Mali ya mtu ni mali, hata kama ni maneno na mwenyewe yuko Tokyo.

Hitimisho

Wengi wetu tunaitamani Japani kwa ajili ya masomo ya juu, na mtihani wa JLPT una ngazi tano, kuanzia N5 ya chini hadi N1 ya juu. Hakuna ngazi inayompa mtu alama kwa kukariri asichokielewa.

Zoezi lenu kabla ya toleo lijalo: malizeni hiragana, kisha kila mmoja atafute "Furusato" kwa Kijapani na kuandika safu tatu za ubeti wa kwanza. Tutakutana baada ya darsa ya Ijumaa, tukague pamoja. Yule kaka ameahidi kuwepo insha Allah, na swali lake mnalijua.

Allah atuzidishie elimu yenye manufaa, na atukinge na elimu isiyonufaisha. Amin.

Wabillahi tawfiq.