Seti ya spana: mdogo wangu, acha kuhesabu vipande

Wadogo zangu, leo maswali ya wachumba na mawifi yatasubiri. Kuna binti amemaliza VETA, fani ya magari, amepata nafasi kwenye gereji ya mtaani na ana akiba yake kidogo. Anauliza: anunue seti ya vipande 216 inayong'aa kwenye sanduku kubwa, au ile ndogo ambayo muuzaji anaiuza kwa bei ile ile? Wa pili hana gereji wala haitaki. Ana Vitz yake, na amechoka kukaa kando ya barabara akisubiri mwanamume apite amfungulie tairi.

Nianze na wa VETA. Mdogo wangu, hiyo ya 216 iache hapo hapo dukani. Kabla ya kuiacha, mwambie muuzaji aifungue uhesabu mwenyewe. Utakuta vichwa vya bisibisi vya kumwaga, alenki, vipande vya kuungia, na soketi zilizojirudia: mara kwa milimita, mara kwa inchi. Ni kama seti ya vyombo vya harusi, imejaza kabati lakini kila siku mnaosha sahani zile zile tano. Halafu fikiria bei. Kiwanda kilichogawa pesa ile ile kwa vipande 216 kimeweka chuma gani kwenye kila kimoja?

Anza na magari yanayoingia gereji yenu, si na sanduku. Kwenye Toyota, ambazo ndizo nyingi huku kwetu, mkono wako utakuwa unatafuta namba 8, 10, 12, 14, 17 na 19, na 21 kwa nati za tairi. Likiingia gari la Ulaya, kina Volkswagen na Mercedes, utahitaji pia 13, 15, 16 na 18, na siku nyingine utakutana na bolti zenye kichwa cha nyota. Soketi za inchi utazihitaji ukipata Land Rover ya zamani au trekta la Massey Ferguson la miaka ile. Kama hayapo, usizilipie. Tena zina hatari yake kwa anayeanza: soketi ya 9/16 ya inchi ni milimita 14.29, kwa hiyo inaingia kwenye bolti ya 14 na kukudanganya kwamba imekaa. Ukivuta kwa nguvu, pembe za bolti zinaliwa, na mteja anakuangalia wewe.

Sasa chuma chenyewe. Spana na soketi za mkono zilizo nzuri kwa kawaida hutengenezwa kwa kromu vanadiamu, ndiyo maana utaona CR-V imeandikwa kila mahali. Lakini maandishi hayo peke yake hayathibitishi kitu. Mwenye mhuri anaweza kugonga chochote. Angalia kazi ilivyofanywa. Namba iwe imechimbwa kwenye chuma, si rangi ya kufutika kwa petroli. Mng'aro usiwe na malengelenge wala sehemu zinazobanduka, kwa sababu zikibanduka makali yake yanakata vidole. Chungulia ndani ya soketi: kuta ziwe nyororo, pembe zimenyooka, na tundu liwe katikati. Ukiona ukuta mmoja mnene na wa pili mwembamba, irudishe mezani.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni bolti. Nenda dukani na bolti mbili tatu kwenye mkoba, 10, 12 na 14, zenye kichwa ambacho hakijaguswa na kutu. Vaa soketi kwenye bolti uitikise. Kucheza kidogo ni kawaida, lakini ikilegea kama kiatu cha kaka yako, hiyo itakula vichwa vya bolti za watu. Fanya hivyo hivyo kwa spana za mdomo wazi, maana hizo za chuma laini hutanuka mdomo ukizibana sawasawa.

Kuhusu umbo la ndani, chagua pembe sita. Soketi ya pembe kumi na mbili inaingia haraka zaidi mahali pabaya, sawa, lakini inaishika bolti karibu na ncha za pembe zake, na bolti yenye kutu haihitaji kusukumwa zaidi ya hapo ili iharibike. Magari yetu yamezeeka, na mengine yamekula chumvi ya pwani miaka mingi.

Racheti ndiyo roho ya seti. Ishike, izungushe polepole ukisikiliza. Yenye meno 24 inataka nyuzi 15 za kuzunguka kabla haijashika jino linalofuata. Yenye 72 inataka nyuzi 5 tu. Ukiwa umeingiza mkono nyuma ya injini ambako hata kiganja hakigeuki, tofauti hiyo utaijua. Meno mengi si sifa ikiwa ni ya chuma cha hovyo, kwa hiyo jaribu pia kuirudisha nyuma soketi ikiwa kwenye bolti iliyolegea. Racheti nzuri inarudi bila kuifungua na kuifunga tena bolti yako. Swichi ya kubadili upande iwe na mlio unaoeleweka, isiwe inateleza ikiguswa na kidole.

Ukubwa wa kishikio cha mraba nao una kazi zake. Robo inchi ni ya vitu vidogo, dashibodi na vifuniko. 3/8 ndiyo itakayofanya kazi nyingi za injini. Nusu inchi ni ya tairi na ya chini ya gari. Kwa fundi anayeanza, ningenunua 3/8 na nusu inchi, robo ningeiacha hadi mshahara wa pili. Ongeza spana za upande mmoja mdomo na upande mwingine ringi, kuanzia 8 hadi 19 bila kuruka namba. Ile ya kurekebisha mdomo, ambayo jina lake la gereji mnalijua na hapa silitaji, iwe ya dharura tu.

Na tafadhali, macho yako. Soketi zinazong'aa ni za mkono. Za kutumia na mashine ya upepo ni nyeusi, zina kuta nene, na chuma chake mara nyingi ni kromu molibdenamu, ambacho kinastahimili kugongwa gongwa. Fundi mkuu akikuambia weka hiyo hiyo inayong'aa kwenye mashine, mwambie kwa adabu hapana. Ikipasuka, vipande vinaruka. Pete nayo ivue kabla ya kushika spana, hata ya uchumba.

Majina je? Hazet, Stahlwille na Gedore ni za Ujerumani, Koken na KTC ni za Japani, Bahco ina asili ya Uswidi, King Tony ni ya Taiwan. Ni majina ya kuheshimika, na ndiyo maana ukitembea kwenye maduka ya Gerezani uwe macho, kwa sababu jina la kuheshimika ndilo linaloigwa. China nayo usiidharau: inatoa vizuri na inatoa vya kutupa, kwenye rafu moja. Kwangu mimi ahadi ya maisha iliyochapishwa kwenye sanduku haina maana kama aliyeiahidi yuko ng'ambo. Muulize mwenye duka: racheti ikivunjika mwezi wa tatu, unanibadilishia? Akisema ndiyo, aandike kwenye risiti ya EFD. Wengi hunyamaza hapo.

Dada wa Vitz, wewe huhitaji seti. Unahitaji soketi moja ndefu namba 21 ya nusu inchi, mpini wake wa nusu mita usio na racheti, jeki nzima, na spana namba 10 ya vichwa vya betri. Suala si misuli. Kwenye Toyota ndogo kama Vitz yako, kwa kawaida nati ya tairi hukazwa kwa nguvu ya nyutoni mita 103. Ukiwa na mpini wa robo mita, ni sawa na kukandamiza ncha yake kwa uzito wa kilo 42. Ukiwa na wa nusu mita, kilo 21. Kijana wa tairi akikaza kwa mashine inazidi hapo, lakini uzito wako mwenyewe unatosha ukiegemea taratibu. Legeza nati gari likiwa bado chini, ndipo uweke jeki. Kurudisha, kaza kwa kuruka, nati hii kisha inayoikabili, usizifuate kwa mzunguko. Usirukie mpini kwa miguu. Kwenye betri, fungua hasi kwanza na uirudishe mwisho.

Nyote wawili, jaribuni kabla ya kulipa. Muuzaji akikataa bolti yako isiingie kwenye soketi yake, funga mkoba uende duka la pili. Mkishanunua niandikieni, nataka kujua mmelipa ngapi na ile racheti inalia vipi.