Umanjano wa Mtoto Mchanga na Yaliyo Wajibu juu ya Wazazi

Mtoto mchanga ni amana, na amana haihifadhiwi kwa mapenzi peke yake, bali kwa mapenzi pamoja na ilimu. Katika mambo yawatiayo hofu wazazi wapya ni kumwona mtoto wao, siku ya pili au ya tatu, macho na ngozi yake vimegeuka rangi ya manjano. Somo hili labainisha ni wakati gani hofu hiyo haina mahali, na ni wakati gani kutokuhofu ni kosa.

MFANO WA NCHI. Karagwe yajulikana kwa watu wa Pwani tangu zamani. Katika karne ya 19, zama za Omukama Rumanika, wafanya biashara wa Pwani walikuwa na kituo chao Kafuro. Leo nchi hiyo ni wilaya mbili za mkoa wa Kagera, Karagwe na Kyerwa, zilizogawanywa mwaka wa 2012. Ziko hospitali, kama ile ya Nyakahanga katika Karagwe na ya Isingiro katika Kyerwa. Lakini nyumba zimetawanyika vilimani kati ya migomba na mibuni, na njia za udongo huharibika kwa mvua. Mama aliyezaa salama mara nyingi hurejea kwake baada ya siku moja, na umanjano huzidi siku ya tatu hata ya tano. Basi khatari humkuta mtoto akiwa mbali na tabibu, na walio karibu naye ni wazazi wake tu.

SABABU YAKE. Damu ya mtoto aliye tumboni ina chembe nyekundu nyingi. Akisha zaliwa, nyingi katika hizo huvunjika, na hutoka ndani yake kitu cha manjano kiitwacho bilirubini. Kazi ya ini ni kukiondoa, na ini la mchanga halijapata nguvu. Katika watoto 10 waliotimiza miezi, kama 6 hupatwa na hali hii, na katika waliozaliwa kabla ya wakati, kama 8. Walio wengi hupona wenyewe kabla ya wiki mbili, kwa kunyonya mara 8 hata 12 usiku na mchana. Kwani maziwa, na yale ya mwanzo hasa, husafisha matumbo na kuitoa bilirubini. Maji ya sukari na dawa za mizizi havifai kitu.

DALILI ZA KHATARI. Ni hizi:
1. Umanjano kutokea kabla ya saa 24 tangu kuzaliwa.
2. Kufika viganjani na nyayoni.
3. Mtoto kukataa ziwa, kulala mno asiamke, kuwa na homa, kulia kwa sauti kali, au kujipinda mgongo.
4. Kudumu zaidi ya siku 14, au choo kuwa cheupe na mkojo kuwa mweusi.

Moja tu katika hizi yatosha kumpeleka hospitali saa ile ile. Bilirubini ikizidi mno huingia katika ubongo, na mtoto akiokoka aweza kuwa kiziwi au mwenye viungo vilivyopooza maisha yake yote. Huzidi upesi kwa mtoto ambaye damu yake haipatani na ya mamaye, na kwa wale ambao chembe zao huvunjika kwa urithi, nao si haba katika nchi za malaria. Kwa hao, hata nguo zilizohifadhiwa kwa vidonge vya nondo zina madhara.

DAWA YAKE. Mwaka wa 1956, katika hospitali ya Rochford, Uingereza, muuguzi Jean Ward aliona ya kuwa ngozi iliyopigwa na jua hupungua umanjano. Kwa ajili hiyo daktari Richard Cremer na wenziwe walitengeneza taa, wakaieleza mwaka wa 1958. Nuru ya buluu huibadili bilirubini ikatoka mwilini bila kulingoja ini. Ikishindikana, damu hubadilishwa. Kumwanika mtoto juani mlangoni hakushiki mahali pa taa: jua halipimiki, nalo laweza kumwunguza.

WAJIBU WA BABA. Kwanza, chumba cha mzazi kisiwe giza siku zote arubaini, kwani gizani umanjano hauonekani. Kila asubuhi mtoto atazamwe penye nuru: ngozi ya pua ibonyezwe kidogo, na weupe wa macho na ufizi vitazamwe. Pili, nauli iwekwe kabla ya uchungu kuanza, na chombo cha safari kijulikane. Tatu, mama asizuiwe kwenda kwa kungoja idhini ya mume aliye safarini. Idhini hiyo itolewe mapema. Nne, wakisema wazee ya kuwa ni zongo, wasikizwe kwa adabu, na mtoto apelekwe hospitali. Akika yaweza kuakhirishwa, na ubongo wa mtoto hauakhirishwi.